Toleo Lipi Ndilo Wimbo? Mjadala wa Santuri za Disko Zilizosahauliwa

Santuri ya disko ina tabia moja inayoitofautisha na muziki mwingi uliorekodiwa kabla yake, nayo ni kwamba wimbo mmoja, uliopigwa na watu walewale katika studio ileile, unaweza kuwapo duniani kwa sura tatu, nne au zaidi, kila moja ikiwa na urefu wake, mwanzo wake, na wakati mwingine hata mwimbaji wake. Kuna sura fupi iliyokatwa kwa ajili ya redio, sura iliyomo ndani ya albamu, sura ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa kuchezea, na mara nyingi sura isiyo na maneno yoyote, iliyowekwa upande wa pili wa sahani. Katika makala haya sura hizo zinaitwa matoleo. Kwa miaka mingi matoleo hayo yalihesabiwa kuwa masalia ya biashara iliyokufa, yakauzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya mitumba ya New York, Philadelphia na London, hadi kampuni ndogo za Uingereza na Marekani zilipoanza kuyafukua, kuyasafisha na kuyatoa upya. Ufukuzi huo umezua swali ambalo watoaji wake hawakulitarajia: toleo lipi ndilo wimbo, na nani mwenye haki ya kusema hivyo?

Swali hilo limewekwa hapa katika vinywa vya watu watatu wa kubuni. Mhifadhi ni mtunza nyaraka za sauti, ambaye kazi yake ni kujua kila sahani ilitoka lini na kwa mkono wa nani. Mcheza Santuri ni yule ambaye mitaani huitwa dijei. Mwimbaji anasimama kwa niaba ya wote waliotoa sauti na jasho studioni. Mwandishi hafichi kwamba moyo wake uko karibu na Mwimbaji, ingawa anakiri kuwa Mcheza Santuri ndiye mwenye hoja ambazo ni vigumu zaidi kuzivunja.

MHIFADHI: Ni vyema kuanza na chombo chenyewe, kwa sababu matoleo hayakuzaliwa na matamanio peke yake. Sahani ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba kwa uzuri dakika tatu au nne za muziki kila upande, na ukilazimisha zaidi ya hapo, mifereji ambamo sindano hupita husongamana, besi hudhoofika na sauti yote hupungua. Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanalijua tatizo hili bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa santuri za 45 zilizotolewa Nairobi mara nyingi ziliukata wimbo vipande viwili, hadithi ya mapenzi ikabaki upande wa kwanza, na sebene, yaani ile sehemu ambapo magitaa huachiwa na wachezaji hupandwa na mori, ikaangukia upande wa pili. Aliyetaka kucheza ilimbidi ainuke kuigeuza sahani. Mjini New York suluhisho lilipatikana kwa bahati. Tom Moulton, ambaye mwaka 1974 alikuwa ameurefusha wimbo wa kundi la B.T. Express, "Do It ('Til You're Satisfied)", karibu mara mbili ya urefu wake wa awali, alikwenda kwa fundi wa kuchonga sahani, José Rodríguez, wakakuta sahani tupu za inchi 7 zimekwisha. Wakatumia ya inchi 10. Mifereji ilipoonekana imejikunja katika eneo dogo la sahani kubwa, Moulton aliomba itanuliwe ijaze nafasi, na waliposikiliza wakakuta sauti imekuwa kubwa na besi nzito kuliko walivyowahi kuisikia. Kutoka hapo hadi inchi 12 ilikuwa hatua fupi, na mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikawauzia wananchi wa kawaida santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja, "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, ambao toleo lake fupi lilikuwa la takriban dakika tatu na toleo refu likazidi tisa.

MCHEZA SANTURI: Bwana Mhifadhi amesema kweli kuhusu sahani, lakini amewasahau waliokuwa wakiingoja. Aliyelitengeneza toleo refu la "Ten Percent" alikuwa Walter Gibbons, kijana aliyekuwa akipiga santuri katika ukumbi wa Galaxy 21, na kabla hajaruhusiwa kuugusa mtambo wowote wa studio alikuwa tayari akiurefusha muziki kwa mikono yake. Alikuwa akiweka nakala mbili za sahani ileile juu ya mashine mbili, kisha kipande cha ngoma kinapokaribia kwisha katika nakala ya kwanza, anakianzisha upya katika nakala ya pili, hivi kwamba sekunde chache za ngoma zikawa dakika kadhaa. Toleo refu, kwa maana hiyo, lilikuwapo ukumbini kabla ya kuwapo dukani. Kampuni haikulibuni bali ililinunua. Vivyo hivyo kwa hizi zinazoitwa santuri zilizosahauliwa: zilisahauliwa na nani? "Soul Makossa" ya Manu Dibango ilikuwa upande wa pili wa sahani iliyotolewa mwaka 1972 kwa ajili ya mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyofanyika Cameroon, ikiwa nyuma ya wimbo wa kuishangilia timu ya taifa. Mcheza santuri wa New York, David Mancuso, aliiokota katika duka la Brooklyn lililouza muziki wa Wakaribi, akaipiga katika sherehe zake za The Loft, na mwaka 1973 jiji zima likawa linaitafuta kiasi kwamba makundi mengine yalirekodi nakala zake kabla kampuni ya Atlantic haijaleta ile ya asili. Upande ambao haukutarajiwa kuwa na kazi yoyote ndio uliobaki. Wachezaji ndio waliouchagua.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa kuwa katika maneno hayo kuna dai zito lililopita kimyakimya. Mcheza Santuri anasema kwamba wimbo hukamilika pale unapopokewa, si pale unapotungwa, na kwamba hadhira iliyoko miguuni pake usiku wa manane ina mamlaka ya kuuhariri. Dai hili si geni kwa jamii zilizolelewa na ngoma na taarabu, ambako mwenye kutunza pesa mbele ya jukwaa huweza kuufanya ubeti urudiwe mara tano. Lakini kwenye jukwaa la taarabu mwimbaji yupo, anaona, na ana hiari ya kurudia au kukataa. Studioni hali ni tofauti.

MWIMBAJI: Hapo ndipo penye kidonda. Wasomaji wafafanuliwe kwanza tepu ya mikondo mingi ni nini. Katika studio kama Sigma Sound ya Philadelphia, ambako muziki mwingi wa Salsoul ulirekodiwa, kila chombo na kila sauti ilikuwa na mkondo wake juu ya tepu pana, ngoma mahali pake, besi mahali pake, fidla mahali pake, mwimbaji mahali pake, hadi mikondo 24. Kuchanganya ni kuamua nani asikike, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa hiyo anayekabidhiwa tepu hiyo amekabidhiwa watu. Mwaka 1977 Gibbons alikabidhiwa tepu ya wimbo wa Loleatta Holloway, "Hit and Run". Mwanamke huyu alizaliwa Chicago, akakulia katika kwaya za injili na kuimba na kundi mashuhuri la The Caravans, na alipofika Philadelphia aliimba wimbo huo kama mtu anayetoa ushuhuda. Beti zake zilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Gibbons alifanya nini? Aliziondoa sehemu kubwa za beti za mwanzo, akapunguza fidla na matarumbeta yaliyopangwa kwa uangalifu, akaziacha ngoma na besi zitembee peke yao, na wimbo uliokuwa wa dakika sita hivi ukawa wa dakika 11 zenye maneno machache zaidi. Je, mwandishi wa mashairi ya wimbo huo aliulizwa? Je, mwenye sauti aliulizwa?

MCHEZA SANTURI: Kwa heshima zote, Bi Mwimbaji ameyataja yaliyoondolewa na kuyaruka yaliyoongezwa. Kila anayelijua toleo hilo anajua kwamba baada ya ngoma kutembea, Holloway hurudi, na harudi na beti bali na zile chombezo za mwisho, yale maneno na milio ambayo mwimbaji wa injili huitoa pale wimbo uliopangwa umekwisha na roho bado haijatulia. Katika albamu sehemu hiyo ilikuwa na nafasi ndogo. Ndiyo desturi ya albamu: fundi hushusha sauti taratibu hadi ikafifia, na mara nyingi hufanya hivyo palepale mwimbaji anapoanza kuwaka. Gibbons aliigeuza desturi hiyo kichwa chini. Alichukua kilichokuwa mkia akakifanya kiwiliwili, akamwacha mama yule alie, acheke, abembeleze na kutisha kwa dakika nzimanzima bila fidla ya kumfunika. Ikiwa kuna toleo ambalo ndani yake Loleatta Holloway anasikika akiwa yeye mwenyewe, binti wa kanisa na si mwajiriwa wa okestra, basi ni lile la mkataji.

MWIMBAJI: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chombezo zile ni tukufu, na kama si sikio la Gibbons zingebaki zimefifia. Lakini uamuzi mwema uliofanywa bila kumwuliza mhusika hufungua mlango ambao wengine hupita kwa nia nyingine. Mwaka 1980 Holloway aliimba "Love Sensation", wimbo uliotungwa na kutayarishwa na Dan Hartman na kuchanganywa na Tom Moulton, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyorudishwa kwenye kipaza sauti tena na tena hadi koo likamwisha nguvu. Miaka tisa baadaye kundi la Black Box kutoka Italia lilivikata vipande vya sauti ile, likavipachika katika "Ride on Time", wimbo ukakaa wiki sita katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, na kwenye video na televisheni aliyeonekana akifungua kinywa alikuwa mwanamitindo ambaye hakuimba hata neno moja. Ilibidi mambo yafike kwa wanasheria ndipo mapatano ya malipo yakapatikana. Hilo nalo ni toleo mbadala! Mhifadhi ataliweka katika kabati lipi?

Mhifadhi hapaswi kuachiwa akwepe swali hilo kwa lugha ya ofisi, na kwa kweli hakwepi. Jibu lake linalazimika kwanza kupitia historia ya jinsi santuri hizi zilivyopotea, kwa sababu upotevu wenyewe haukuwa wa bahati mbaya tu.

MHIFADHI: Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika watu waje na santuri za disko ili zilipuliwe katikati ya mechi mbili. Walifika takriban watu 50,000, sanduku la santuri hizo likalipuliwa, umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akifanya kazi uwanjani siku hiyo na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa haus, amesimulia kwamba nyingi ya sahani zilizoletwa hazikuwa za disko, zilikuwa tu za wasanii weusi. Baada ya hapo kampuni kubwa zilifunga idara zao za disko au kuzibadili majina, na matoleo marefu yakaachwa bila mtu wa kuyatunza. Kisha ukaja ukimwi, uliowaondoa watu waliojua nini kilifanyika studioni: mwanamuziki Arthur Russell mwaka 1992, Walter Gibbons mwaka 1994, na wachezaji wasiohesabika ambao kumbukumbu zao hazikuandikwa na yeyote. Mwaka huohuo wa 1992 alifariki pia Larry Levan, mcheza santuri wa ukumbi wa Paradise Garage mjini New York, kwa maradhi ya moyo. Na mwaka 2008 moto uliozuka katika eneo la studio za Universal, karibu na Los Angeles, uliteketeza ghala lililokuwa na tepu za asili za wasanii wengi sana. Pale tepu mama inapokuwa haipo, sahani ya inchi 12 iliyokwaruzika huacha kuwa nakala na kuwa shahidi wa pekee. Ndiyo sababu kanuni ya uhifadhi ni kutochagua. Toleo la albamu, la redio, la Gibbons, hata "Ride on Time", yote huingia, kila moja na tarehe yake na majina ya waliolishughulikia, pamoja na maelezo ya sauti iliyokatwa ilitoka kwa nani.

MCHEZA SANTURI: Lakini kutochagua nako ni uchaguzi, Bwana Mhifadhi. Ukiyapanga matoleo saba ya wimbo mmoja katika diski tatu na kuyauza kwa bei ya juu ndani ya kasha lenye picha, umemfundisha msikilizaji kwamba yote ni sawa, ilhali si sawa. Wapo wachanganyaji waliorefusha kwa sababu walilipwa kwa kurefusha. Mengi ya matoleo yaliyofukuliwa yalistahili usingizi wao.

Kauli hii ni kali, na inastahili kukubaliwa pale inapostahili. Biashara ya kutoa upya huishi kwa neno "nadra", na unadra si ubora. Zipo sahani ambazo hazikuuzwa kwa kuwa hazikuwa na kitu, na kuna wakusanyaji ambao hulipa fedha nyingi kwa lebo ya karatasi iliyoko katikati ya sahani kuliko kwa sauti iliyomo miferejini mwake. Hata hivyo, masikio ya ukumbi nayo hukosea. Inasimuliwa kwamba Levan alipoupiga kwa mara ya kwanza wimbo wa Taana Gardner, "Heartbeat", wa mwaka 1981, mwendo wake wa polepole uliwafanya watu waache kucheza na kwenda kutafuta chakula. Hakuuondoa, aliendelea kuupiga wiki baada ya wiki, hadi ukawa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa kuliko zote katika Paradise Garage, ukumbi wake wa King Street. Kama wachezaji wa usiku ule wangekuwa na neno la mwisho, wimbo huo ungezikwa palepale. Hadhira huchagua, lakini huchagua polepole, na wakati mwingine huhitaji miaka 30.

MHIFADHI: Mfano mwingine utasaidia zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna anayeweza kuonyesha toleo la asili kwa kidole. Arthur Russell, mpiga selo aliyekulia katika mji mdogo wa Oskaloosa, Iowa, alishirikiana na mcheza santuri Steve D'Acquisto kurekodi nyimbo kwa jina la Loose Joints kwa ajili ya kampuni ya West End. Waliwaita studioni ndugu wa familia ya Ingram, wanamuziki waliobobea, kisha wakawachanganya na waimbaji wasio wazoefu, kwa kuwa walikusudia sauti zilegee na kuyumba kama sauti za watu walio ndani ya sherehe. Santuri yao ya mwaka 1980, "Is It All Over My Face?", ilitoka kwanza na waimbaji wanaume, na wengi waliisikia kama kitu ambacho hakijamalizika. Ndipo Levan akaichukua tepu, akaiweka mbele sauti ya Melvina Woods, akaukaza mwendo, na toleo hilo ndilo lililotikisa Garage na kusikika redioni. Leo wafukuzi wanalipenda lile la kwanza kwa sababu ileile iliyolifanya likataliwe, yaani ule ulegevu wake. Russell mwenyewe hakuamini sana katika kumaliza. Aliacha mamia ya tepu, nyingi zikiwa na sura tofauti za wimbo uleule, na tangu mwaka 2004 kampuni ya Audika imekuwa ikizitoa kidogo kidogo. Kumwuliza mtu huyu toleo lipi ndilo wimbo ni kama kumwuliza mkulima ni mvua ipi iliyoivisha mahindi.

MCHEZA SANTURI: Kwa hiyo Mhifadhi anakubali kwamba Levan hakuharibu kitu.

MHIFADHI: Hakuharibu, kwa kuwa la kwanza bado lipo. Angekuwa ameharibu kama tepu ingefutwa.

MWIMBAJI: Kuna jambo moja katika mfano huo ambalo limepita bila kuguswa. Toleo la Levan linajulikana kote duniani kwa maelezo yaliyochapwa pembeni ya jina la wimbo, kwamba ni la "sauti ya kike", na lile jingine ni la "sauti ya kiume". Levan anatajwa kwa jina, Russell anatajwa kwa jina, hata ukumbi unatajwa kwa jina na mtaa wake. Mwanamke ambaye sauti yake ndiyo tofauti yenyewe kati ya toleo moja na jingine ameandikwa kwa jinsia. Kama ufukuzi huu ni wa kweli, na uanzie hapo. Iandikwe kwamba ni toleo la Melvina Woods.

MHIFADHI: Kanuni ya uorodheshaji inataka maneno ya lebo yanakiliwe kama yalivyo, Bi Mwimbaji, hata yanapokuwa na kasoro, ili anayeitafuta sahani aitambue.

MWIMBAJI: Yanakiliwe kama yalivyo. Kisha mstari wa pili uandikwe chini yake.

Mhifadhi alilifungua faili, akauandika mstari wa pili kwa herufi za ukubwa uleule wa mstari wa kwanza, na Mcheza Santuri, aliyekuwa amesimama nyuma yake akiusoma, akaomba jina hilo liwekwe pia kwenye karatasi ya katikati ya sahani zitakazochapwa upya, mahali ambapo anayeinama kushusha sindano gizani hulazimika kutazama.